Waya wa intaneti uliopita jikoni kwa Bibi Joziana

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili lilinitokea mwenyewe Kibondo, 2014, na chumvi sijaongeza. Network naijua vizuri, naomba hilo mlikumbuke mpaka mwisho.

Nilihamishiwa kule kikazi kutoka Tanga, mambo ya kompyuta. Nikapanga chumba cha uani kwa Bibi Joziana, mjane anayeishi nyumba kubwa na mjukuu wake Editha, ambaye alikuwa ametoka kumaliza kidato cha sita.

Chumbani kwangu modem haikushika kitu. Dirishani kwa bibi ilishika vizuri.

Nikaweka modem na router kwake, nikavuta waya mita thelathini hadi kwenye desktop yangu. Katikati kuna jiko la kuni, nikaupitisha humo humo, juu kabisa, chini ya bati. Kazi safi kabisa.

Miezi miwili mambo yalikuwa murua. Walipomaliza kuvuna, bibi akaanza kuniletea maharage, ndizi, siku nyingine ugali wa muhogo na dagaa. Nikajua ni sababu ya tabia yangu nzuri.

Kipindi hicho hicho network ikaanza kukatika. Mchana inapotea, inarudi, jioni inapotea tena.

Nikasema router imechoka. Nikaireset. Nikabadilisha vichwa vya waya pande zote mbili. Nikaping mpaka vidole vikauma. Mwisho nikatangaza kwamba ni wingi wa watumiaji mjini, na bibi na Editha wakaniamini. Ndiyo hasara ya kuitwa mtaalamu.

Sasa Editha alikuwa anaomba chuo kupitia mtandao, uuguzi, ndoto yake tangu utotoni. Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Ijumaa hiyo saa saba mchana fomu ikiwa nusu kwenye desktop yangu, network ikafa moja kwa moja. Binti akaanza kulia kimya kimya. Niliumia, wakuu, maana mimi ndiye niliyemwambia asiende mjini kwenye stationery, hapa nyumbani patatosha.

Nikamuuliza kwa mara ya kwanza swali ambalo nilipaswa kuuliza wiki mbili nyuma: ikikatika, huwa ametoka kufanya nini?

Akafikiri. "Mara nyingi nakuwa nimetoka kuwasha moto."

Nikaenda jikoni. Kumbukeni nilishaingia mara moja tu, siku ya kufunga waya. Mpangaji mwanaume huna shughuli jikoni kwa bibi wa watu.

Nikainua macho. Mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, yamening'inia juu ya mafiga yapate moshi, fukusi wasiyale. Yote kwenye waya wangu. Umelegea kama uzi wa sweta, umeyeyuka, na pale katikati nyuzi za ndani zimekatika.

Bibi akaja nyuma yangu, hana wasiwasi hata kidogo. Akasema, "Nilijua umenifungia mimi, mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha. "Nikakushukuru kila siku."

Hapo ndipo nilipoelewa maharage yalitoka wapi. Hasira zote zikaniisha.

Waya mwingine ulikuwa Kasulu, ungefika labda kesho yake. Saa zilikuwa zinakwenda na mimi nimesimama pale nikiwaza kuunga vipande. Bibi akanitazama, akauliza taratibu, "Hiyo mashine haibebeki?"

Wakuu, nikachomoa nyaya za desktop. Tukabeba desktop, mimi na Editha, tukaiweka sebuleni kwa bibi, nusu mita kutoka kwenye router. Fomu ikaenda saa tisa na dakika kadhaa.

Editha alipata. Leo ni muuguzi.

Nilichojifunza: kabla hujagusa router, muulize anayeishi na waya wako. Na ukipitisha kitu jikoni kwa mtu, mwambie ni cha nini.

Waya mpya niliufukia ardhini, ndani ya bomba. Ule wa zamani niliunga palipokatika, nikaukaza vizuri na kumwachia bibi mbegu zake. Maharage hayakukatika mpaka nilipohama.

Haya, nawe mtaalamu unayesoma hapa, aliyekuumbua wewe alikuwa nani? Mwaga hapo chini.