Nyuki wa Shangazi Hawakutumwa na Mtu

Nichekeni mapema, maana hata sasa sijakubali kwamba nilikosea kabisa.

Nyuki walihamia ndani ya ukuta wa nyumba ya shangazi yangu, huku Lemara, wakipitia ufa ulio chini ya dirisha. Jumamosi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwake, na mrina asali wa Nduruma alisema hana nafasi hadi wiki inayofuata. Shangazi alitaka kuahirisha. Mimi, msomi, nikajiuliza: mdudu asiye na mlango atafanya nini? Jioni niliziba ufa kwa saruji, kisha nikamtangazia shangazi kwamba nyuki wamehama wenyewe.

Jumamosi, katikati ya sala, walitokea kwenye soketi ya umeme. Waumini walikanyagana mlangoni. Mwenyekiti wa jumuiya alijifunika kitenge cha mkewe.

Tulipokusanyika uani tukijipapasa, jirani yetu Mama Neema alisema kwa sauti, "Nyuki hawamvamii mtu bure. Hawa wametumwa. Mtunza hazina wetu, kuna cha watu umechukua?"

Mtunza hazina ni shangazi. Watu wote walimgeukia, naye akaanza kulia.

Ningeweza kunyamaza. "Hawajatumwa na mtu!" nilipayuka, mdomo umevimba. "Niliziba tundu lao, wakatafuta njia nyingine."

"Si ulisema wamehama?" shangazi aliuliza.

"Nilidanganya, shangazi. Ila hakuna uchawi hapa, ni saruji tu!"

Shangazi aliacha kulia papo hapo, akainama kuvua kandambili.