Kunuka Kwa Trela Nimesingiziwa Mimi

Leo nimeitwa mchafu mbele ya wageni. Jamani, bado nina hasira.

Mnajua nawapikia wageni na kusafisha trela la bosi, lile la kulala watalii hapa Mikumi. Leo mgeni kafungua mlango, kaziba pua, karudi nyuma.

Bosi akanigeukia. "Dada, ni dagaa zako hizo! Harufu isipoisha, kesho usije."

Dagaa zangu ziko jikoni, nje kabisa, zimefunikwa!

Sikubishana. Nikafunga madirisha yote ili harufu ijikusanye, kisha nikanusa sehemu moja moja. Bomba la sinki, safi. Friji, safi. Magodoro nikayatoa juani, trela bado linanuka.

Nikapiga magoti kwenye kitanda cha mwisho. Chini, nyuma ya mablanketi, kuna ndoo ndogo yenye mfuniko.

Nikafungua. Nyama ya mbuzi, imejaa funza!

Nikampelekea bosi. Akashika kichwa. "Lo! Nyama ya akika! Dada yangu wa Tindiga alinipa Jumapili nimpelekee mama!"

Kumbe alikwenda kwenye hiyo akika ya mtoto na trela, akalala humo, akasahau.

Nikasubiri aniombe radhi. Mnajua alisema nini?

"Haya, kamwage basi. Si ndiyo kazi yako?"

Hata pole hakuna!

Nikamshikisha ndoo mkononi, wageni wakitazama. "Ya mama yako hii, bosi. Imwage mwenyewe."

Kaenda kuimwaga.

Kama kesho nina kazi, sijui. Lakini mchafu si mimi, na wageni wote wamejua.

Nyie mngekubali kuimwaga hiyo nyama?