Kiti cha Noti Tano

Siku ya kwanza ya kazi nilichelewa, kwa sababu nilirudi nyumbani mara mbili kuhakikisha nimebeba daftari. Lilikuwa mkononi. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara wala barua ya ajira. Nilitakiwa kutunga nyimbo za misiba kwa ajili ya kundi la marafiki waliofanya mazoezi kijijini Kanoni, katika stoo ya kahawa ya akina Feliciani. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani kwa mama nasubiri majibu ya maombi ya kazi, na Mwalimu alikuwa amesikia kwamba naandika mashairi.

Mwalimu hakuwa wa shule. Huku kwetu ndivyo tunavyomwita kiongozi wa kwaya, anayepiga kinanda na kuandika noti ubaoni. Yeye aliimba sauti ya tatu. Jovina, fundi cherehani, aliimba ya kwanza. Feliciani, fundi pikipiki, aliimba besi, sauti nzito ya chini kabisa inayowabeba wengine. Sauti ya pili haikuwa na mtu, nikapewa mimi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, msomi. Unajua kiti ni nini?"

Nikatazama chini. Nilikuwa nimekalia gunia la kahawa.

"Mwache, Mwalimu," Feliciani akasema. "Chuo wamemfundisha viti vya kuzunguka tu."

Kiti ni nafasi ya jina. Kutoka kifo hadi mazishi ni siku moja au mbili, na muda huo hautoshi kutunga na kufanya mazoezi. Kwa hiyo mtunzi huweka akiba. Anatunga wimbo mzima, lakini mahali pa jina la marehemu anaacha noti chache bila maneno. Tukifika msibani tunauliza jina, na jina linakaa pale. Mazoezini tunaimba kiti kwa midomo iliyofungwa, mmm, mmm, mpaka mabati yanavuma.

"Sheria ni moja," Mwalimu alisema. "Kiti hakipewi jina la mtu aliye hai. Hata kwa kujaribu. Hata kichwani."

Niliivunja wiki ileile, bila kukusudia. Sikuweza kusikia sauti ya kiti kisicho na mtu. Nikachagua jina ambalo sikumjua yeyote aliyekuwa nalo, Faustina, nikatunga juu yake, kisha nikalifuta.

Msiba wetu wa kwanza ulikuwa Chonyonyo. Tulifika asubuhi, ukungu bado uko kwenye migomba. Mwalimu akamwendea msemaji wa familia, akarudi na karatasi. Faustina.

Niliwaza njia nzima ya kurudi. Majina ya Kikristo si mengi. Kina Faustina nisiowajua wamejaa. Niliandika sababu saba za kuamini ni bahati tu, nikazisoma kwa sauti, kisha nikaanza kuzisoma upya.

Wimbo wa pili sikuuwekea jina. Nilijilinda kabisa. Jina likaja lenyewe nikiwa namenya ndizi na mama: Bonifasi, noti nne, mbili zinapanda na mbili zinashuka. Nilisimama kisu mkononi mpaka mama akaniuliza kama nimejikata. Baada ya wiki mbili tuliitwa Nkwenda, upande wa Kyerwa. Safari hii nilimwendea msemaji wa familia mimi mwenyewe. Alinitamkia jina taratibu, kama mtu anayehofia sitalisikia, na mimi nilikuwa nalisema pamoja naye moyoni.

Tuliimba vizuri siku hiyo. Mama mmoja alinishika mikono akasema, "Mwanangu, ni kama ulimjua."

Wimbo wa tatu ulikuja mchana, nikigeuza kahawa juani. Ulikuja mzima, beti zote mbili, na kiti cha noti tano: do, mi, so, la, so. Ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Jina lilikuwa limeshakaa.

Fe-li-ci-a-ni.

Nilipunguza noti moja, wimbo ukachechemea. Nikaongeza moja, ukasimama. Nikajaribu majina ya manabii na mitume, kila moja likaonekana limevaa koti la mtu mwingine. Nikaficha daftari kwenye pipa la mahindi, nikawaambia wenzangu sina kipya. Kisha nikaanza kumpigia simu Feliciani kila asubuhi. Mara nauliza bei ya tairi, mara nauliza kama mvua imenyesha kwao.

"Adventina, tunakaa mlima mmoja," alisema. "Toka nje uangalie. Na Jovina anauliza harusi lini."

"Umeamka salama?"

"Hapana, naongea nikiwa maiti."

Nilikata simu. Sikula siku ile.

Wiki ya tano Mwalimu alipoteza subira. Akiba ilikuwa imekwisha na kulikuwa na mzee mahututi Bweranyange. "Msomi, una wimbo," alisema. "Mtu asiye na wimbo hatazami chini hivyo." Nami nilikuwa nimeshafikiri, pengine kupita kiasi kama kawaida yangu. Niliona kwamba kiti kikikaliwa na mmoja, mwingine hawezi kukikalia. Nikaenda stooni na daftari, nikawakuta wote watatu. Jua lilikuwa la saa tisa, vumbi la kahawa likielea mlangoni. Nikaimba wimbo wote peke yangu, na nilipofika kwenye kiti nikaweka jina langu, kwa sauti.

A-dve-nti-na.

Mwalimu aliondoa vidole kwenye kinanda. Jovina alisema, "Yesu wangu." Ndipo nikawaeleza yote, Faustina, Bonifasi, na jina ambalo wimbo huu ulikuja nalo. Feliciani alisikiliza huku akifuta grisi kwenye kucha. Nilitegemea mzaha.

"Umehesabu vibaya," alisema mwishowe. "Jina lako ni noti nne. Kiti ni cha noti tano."

"Najua."

"So ya mwisho imebaki wazi."

"Feli, usiiguse."

"Wimbo hauachwi na shimo, dada." Akashusha pumzi, akaivumisha ile noti kwa besi yake, mdomo umefungwa, ndefu, mpaka mbao za dirisha zikatetemeka. "Haya. Tumekaa wawili. Sasa hakichukui mtu."

Mwalimu akafuta ubao wote. Yule mzee wa Bweranyange alipona. Wimbo ule haukuimbwa kokote.

Nilistaafu mwezi huo, nikiwa na miaka ishirini na sita. Nacheka ninapoandika neno hilo, lakini sina jingine. Sasa najitolea kufundisha sekondari, na wanafunzi wanaotaka kutunga huniuliza kazi ilikuwaje. Nawaambia yanayofundishika. Ubeti wa kwanza uwe mfupi, kwa maana waliao hawana pumzi. Jina uliulize mara mbili. Kinanda kisiizidi besi. Sheria ya kiti nawaambia pia, nao huiandika pamoja na nyingine, kama kitu cha kujibia mtihani.

Feliciani ni mzima. Mimi pia ni mzima. Kila mwezi unaopita nauhesabu.

Jumamosi iliyopita alinibeba kwa pikipiki kutoka sokoni. Tulipokaribia kwao alizima injini, tukashuka kibanja, shamba lao la migomba, tukiisukuma. Alasiri ilikuwa kimya, hakuna hata jani la mgomba lililotikisika. Stooni walikuwa Mwalimu na Jovina tu, wawili, tuliwaona wazi kupitia mlango, wakifanya mazoezi ya wimbo ambao sikuwa nimeusikia. Walifika kwenye kiti. Jovina alinyamaza akigeuza karatasi. Mwalimu alikuwa anakunywa maji.

Kiti kiliimbwa. Noti nne kwa sauti ya pili, sauti yangu, na ya tano kwa besi, ndefu, mpaka mbao za dirisha zikatetemeka.

Nilimtazama Feliciani. Alikuwa amesimama kando yangu, mikono kwenye usukani, mdomo umefungwa, hatoi sauti.

"Umesikia?" nilimuuliza.

Alishika mkono wangu, mara ya kwanza tangu tufahamiane, na mkono wake ulikuwa na joto la injini.

"Usihesabu," alisema. "Tusimame hapa kwanza."

Ndani, Jovina alipata ukurasa wake, na Mwalimu akaanza ubeti wa pili.