Aliyetupeleka Ziwani Siku ya Baridi

Wiki iliyopita, hapa Ushirombo, tulimzika jirani yangu aliyekuwa akiuza michembe sokoni, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa mpaka vinakuwa vikavu kama vijiti. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari. Alisema tu, "Mama wa michembe ametutoka," kisha akaketi juu ya ndoo ya maji kana kwamba ni kiti. Moyo wake ulikuwa umesimama asubuhi ile, uani kwake, na yeye ndiye tuliyekuwa tukimtolea mfano kila tulipozungumza habari za afya. Hakuwa ndugu yangu, na sijui kama nina haki ya kumwita rafiki, maana alinichokoza kila siku ya Mungu. Lakini katika miaka yangu yote ya kujiita mwandishi sijapata mtu aliyenisoma vizuri kama yeye, na hakuwahi kufungua kitabu changu hata kimoja.

Niwaeleze kisa cha ziwa, ingawa hakinipambi. Baba yangu, ambaye naishi naye, alikulia kando ya Ziwa Victoria, upande wa Chato, kwenye mwalo mdogo ambako wavuvi hushusha samaki. Mwaka juzi magoti yalianza kumsaliti, na siku moja baada ya Pasaka akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba angependa kuoga ziwani mara moja tena, wajukuu wakiwa majini pamoja naye, kabla miguu haijakataa kabisa. Nilikubali papo hapo, machozi yakinilengalenga, kisha nikaingia chumbani nikaandika aya nzima nzuri kuhusu ombi hilo. Baada ya aya nikaanza kuangalia hali ya hewa. Aprili ilikuwa na mvua. Juni asubuhi zilikuwa na baridi, na kifua cha mwanangu mdogo hakiaminiki. Septemba jua likawa kali mno kwa presha ya baba. Desemba, radi. Mwishowe niliamua kwamba siku itakayofaa ni ile ambayo simu itaonyesha nyuzi ishirini na nane, bila upepo, bila wingu, na iangukie Jumamosi. Nikabandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, nikawa naijaza tarehe na joto kila asubuhi kama karani wa ghala la pamba. Mke wangu alibandika orodha yake ya sokoni juu yake. Ilinichukua miezi minne kugundua kwamba simu ilikuwa ikinipa hali ya hewa ya Mwanza.

Ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu ni kwamba sijui kuogelea. Riwaya yangu ya kwanza ina kurasa kumi na moja za ziwa, ziwa linalonong'ona, linalopumua, linalosamehe, na aliyeziandika hajawahi kuingia maji yaliyopita magoti. Niliogopa kusimama pale wanangu wakinitazama, na mzee, mtoto wa wavuvi, akinitazama. Na nyuma ya woga huo ulikuwapo mwingine ambao sikutaka hata kuuandika: baba akishaoga hiyo mara moja tena, atabakiwa na nini cha kusubiri?

Ua wetu na wa jirani ulitenganishwa na uzio wa minyaa uliokwishapukutika, kwa hiyo aliona kila kitu.

"Mwandishi, leo jua limepata ngapi?"

"Ishirini na tano, mama."

"Maskini. Limefeli tena."

Siku nyingine alimkuta baba barazani. "Shikamoo baba. Bado hujapelekwa?"

"Marahaba, mwanawane. Tunangoja jua lifaulu."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao, nikidhani tunalicheka jua.

Mwezi wa saba mwaka jana, siku ya Ijumaa, alikuja na ungo wa michembe. Alichukua kipande akakivunja karibu na sikio langu, kikalia kavu kabisa. "Umesikia? Juzi kilikuwa kinapinda. Kikivunjika hivi ndani ya siku mbili, ujue joto limefika. Bibi yangu alipima hivyo. Hiyo simu yako imezaliwa lini?" Nilisisimka. Nilikimbilia daftari nikaandika maneno kama "elimu ya mababu", nikatoka nje nikatangaza kwamba kesho tunakwenda. Sikujiuliza kwa nini gari la kukodi lilikuwa limeshapatikana.

Tulifika ziwani saa nne asubuhi, jirani akiwa pamoja nasi, na upepo ulikuwa ukikata. Mke wangu alijifunga khanga ya pili. Wanangu waligonganisha meno. Mimi nilikuwa ndani ya koti, zipu mpaka kidevuni, nikitafuta namna ya kusema turudi. Baba hakutuuliza kitu. Alivua shati, akashika fimbo yake kwa mkono mmoja na mkono wa mjukuu kwa mwingine, akaingia polepole, na maji yalipofika kiunoni akaitupa fimbo ufukweni. Nchi kavu magoti yale hayakuweza kumpandisha ngazi mbili; majini yalikuwa ya kijana. Alielea chali, watoto wakapiga kelele wakamfuata, wakasahau baridi. Kisha akaniita. "Njoo, mwanawane. Hapa nitakushika." Niliingia na koti langu. Baba yangu alinishika chini ya makwapa, kama mtu anavyomshika mtoto anayejifunza kutembea, na hakunicheka.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia jirani kwamba kipimo chake kimekosea.

"Hakijakosea. Michembe inakaushwa na upepo, mwandishi. Huu mwezi wa baridi ndio inakauka kuliko mwezi wowote. Kila mtoto wa huku anajua."

"Sasa mbona uliniambia joto limefika?"

"Ningesema baridi, ungekuja?"

Mke wangu alicheka mpaka tukapita Bwanga.

Tangu hapo nimewaza sana juu ya watu wa ukanda huu wetu wa dhahabu na pamba. Mchimbaji anashuka kwenye duara, shimo lake la dhahabu, asubuhi bila kuuliza kama lina hali nzuri. Mkulima anapanda, mvua ikija vibaya anapanda tena. Ni sisi wa kalamu na simu tunaodai masharti. Riwaya yangu ya pili ina miaka minne ikingoja utulivu, meza kubwa na msimu unaofaa, na wasomaji wenye huruma hudhani napika kitu kizito.

Mazishini baba alisimama akiegemea bega langu. Sote tulikuwa tukimhesabia yeye siku, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akimwaga udongo juu ya mwanamke aliyemzidi nguvu kwa kila namna. Tulipokuwa tukitoka makaburini alisema, "Alitaka turudi naye ziwani. Mwaka jana hakuingia, alikaa kutushikia nguo." Nilijua. Mwezi wa tano jirani alisimama kwenye minyaa akaniambia, safari hii bila mzaha wowote, kwamba mwaka huu na yeye anataka kuoga. Nilitazama juu, kulikuwa na wingu, nikamjibu, "Tutaangalia, mama."

Mtu wako akikuomba siku, mtajie tarehe hapo hapo, ukimtazama yeye, kabla hujalitazama anga.