Wakondola wa Tandika

Iko Jumapili moja, mjukuu wangu, ambayo nikiikumbuka nasikia kwanza harufu ya kambale wa nazi, halafu ndipo nakumbuka maneno. Siku hizi inanichekesha. Siku yenyewe sikucheka hata kidogo, maana nilikuwa nakaribia kumkosa msichana niliyemtaka kuliko kitu chochote, na kilichonizuia hakikuwa umaskini wala dini wala wazazi wakali. Kilikuwa jina letu hili la Mkondola.

Nilikuja Dar kutoka Songea nikiwa kijana, nikafikia Buguruni kwa shangazi yangu Skolastika, dada mkubwa wa baba. Kazi nilijifunzia Keko, kwenye mabanda ya samani. Kutwa napiga randa, jioni narudi na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mji ulikuwa umejaa watu na mimi simjui mtu, na upweke ule ukanitia ugonjwa wa ajabu. Popote niliposikia mtu anaitwa Mkondola nilimfuata, nikamwamkia, nikamwambia sisi ni ndugu. Wengine waliniangalia wakashika mifuko yao. Mmoja alinijibu kwa upole kwamba yeye ndugu zake aliokuwa nao walikuwa wanamtosha.

Siku moja kanisani, kule Chang'ombe, mwalimu wa kwaya akawataja waimbaji wapya, na mmoja wao akawa Veneranda Mkondola. Misa ilipokwisha nilikuwa nimeshafika mbele yake. Nikamwita dada, tena kwa sauti, watu wakageuka. Akacheka, akanipeleka kwao Tandika siku hiyohiyo, akamwambia mama yake, "Mama, nimeokota kaka."

Mwanangu, nilipokewa. Baba yake alikuwa mzee mkubwa wa mwili, mkimya, aliyestaafu kazi ya bandarini. Majirani alikuwa nao tele, lakini ndugu wa jina hakuwa naye hata mmoja mjini. Alinishika mkono akawa hauachii. Mama yake nikamwita mama mdogo. Kuanzia hapo kila Jumapili nilikula Tandika, na sikula kama mgeni. Nilikuwa nakwenda jikoni mwenyewe, nafunua sufuria, nakwangua ukoko. Mama mdogo alikuwa akinicheka, akisema mtoto wa ukoo huyu ana tumbo la ukoo mzima.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea, nawe usinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa naimba sauti ya nne na Veneranda ya kwanza, na mimi sauti yangu ilikuwa inapotea kila mara. Akawa ananifundisha baada ya mazoezi, ananisindikiza hadi njia panda, namrudisha hadi kwao, ananisindikiza tena. Kabla mwaka haujageuka nikajikuta Jumapili nakwenda Tandika wala sina njaa. Nikamwambia. Akachora chini kwa kidole cha mguu, kisha akasema na yeye ni hivyohivyo. Furaha yangu haikudumu, kwa sababu neno lililofuata lilikuwa hili: "Ila Oti, hili utalisema wewe. Kaka ulijiita mwenyewe."

Unaona mtego niliojitegea. Nilikuwa nimekula wali wa mama mkwe nikiwa mtoto wake. Nilikuwa nimekwangua sufuria lake. Kwa desturi yetu mkwe hata kivuli cha mama mkwe wake anakikwepa, mimi nilikuwa nimeshamwomba aniongezee mchuzi.

Nikamwambia shangazi. Alikuwa anakata mchicha, kisu kikasimama.

"Mkondola na Mkondola hawaoani," alisema. "Hilo hata mtoto analijua."

"Shangazi, labda hao si Wakondola wa kwetu."

"Jana walikuwa ndugu zako. Leo ni labda?"

Akaendelea na mchicha wake kama sijasema kitu, mimi nimesimama pale nimekauka. Alipomaliza akasema niwaalike wote watatu, baba, mama na binti, waje Buguruni Jumapili kula. Akasema atajua.

Namna yake ya kujua ilikuwa hii. Ukoo wetu hauli kambale. Wazee wa kwetu walikuwa na hadithi juu ya hilo, wengine wakisema kambale alituokoa wakati wa njaa, wengine wakisema alitudhuru, kila mmoja na yake, lakini wote walikubaliana kwamba hatumli. Shangazi aliamini kwamba Mkondola wa damu akiwekewa kambale mbele yake hatamgusa, na asiyekuwa wa damu atakula na kulamba vidole. Tatizo ni kwamba hakuwa radhi kuchafua sufuria lake kwa samaki wa mwiko. Ikabidi amwombe jirani, mama Mwajuma, Mzaramo aliyepanga chumba cha uani, ampike kambale huyo kwake. Mama Mwajuma akamtia nazi, akamtia ndimu, harufu ikafika barabarani. Nakiri kwamba hata mimi nilimeza mate.

Wageni wakaja wamevaa nguo za kanisani. Ugali ukawekwa, kuku akawekwa, mchicha ukawekwa, na katikati bakuli la kambale. Tukanawa. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, na ombi lenyewe ni aibu kulisema: nilikuwa naomba yule mzee awe mlafi.

Mzee akalitazama bakuli. Akavuta ugali, akachukua kuku. Mkewe akachukua kuku. Veneranda akamtazama baba yake, naye akachukua mchicha. Kambale akabaki pale anatoa moshi. Niliona harusi yangu inaondoka mlangoni.

"Baba Vene," shangazi akasema taratibu, "kambale huli?"

"Nala, dada yangu. Kwangu nala," mzee akajibu. "Ila siwezi kumla kwenye nyumba ya Wakondola."

Shangazi akaacha kutafuna. Akamwomba aeleze, na yule mzee mkimya akazungumza siku ile kuliko nilivyowahi kumsikia. Baba yake, alisema, hakuzaliwa Mkondola. Alikuwa kijana wa Kimakonde aliyeondoka kwao kwenda kutafuta kazi ya mkonge Tanga, enzi zile za manamba, vibarua wa mashamba. Njiani homa ikamwangusha. Wenzake wakamwacha, wala hakuwalaumu, maana aliyechelewa alikosa kazi. Mtu mmoja tu alibaki naye, Mngoni asiyemjua, jina lake Mkondola. Alimchemshia uji, akambeba mgongoni alipozidiwa, wakafika Tanga wamechelewa. Msimamizi akasema anachukua mzima, mgonjwa arudi. Yule Mngoni akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Tunaingia wote au tunarudi wote." Wakaandikwa wote Mkondola, wakalala kwenye mkeka mmoja hadi mkataba ulipokwisha.

"Baba hakulivua tena jina lile," mzee akasema. "Alituambia, siku mkipata bahati ya kukaa na wenye jina, chakula wasichokula wao na nyie msikiguse mbele yao. Ndiyo shukrani tuliyokuwa nayo."

Sasa sikiliza upumbavu wa ujana, mwanangu. Mtu amemaliza kusema maneno kama yale, nyumba imetulia, mama Mwajuma kule mlangoni anafuta machozi kwa kanga. Mimi nikasimama. Nilisimama kabisa, nikapiga kofi moja la furaha, nikasema, "Kumbe basi hawa si Wakondola. Mimi na Veneranda tunaweza kuoana!"

Nilidhani nimeleta habari njema. Nikamgeukia Veneranda ili tufurahi pamoja, nikakuta ananitazama kama mtu asiyenijua. Baba yake alirudisha tonge kwenye sahani. Mikono yake mikubwa akaiweka magotini, akainamisha uso. Na hata hapo sikuelewa. Nilielewa aliposema, kwa sauti ndogo sana kwa mwili ule, "Kama jina ndilo linalowazuia watoto, mie naliacha. Waoane."

Shangazi hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Oti, kaa chini. Ulipokuwa na njaa, hawa walikuwa ndugu zako. Umekula kwao wee mpaka ukanenepa. Sasa unataka mke, umewatoa nje ya nyumba. Huyu baba hakuzaliwa na mwiko wetu na ameutunza mbele ya bakuli la mama Mwajuma, ambalo mie mwenyewe limenitesa. Wewe uliyezaliwa nao umetunza nini? Jina ulipewa bure, ukalifanya kamba ya kuvutia wali. Baba yake alilipata kwa mtu aliyembeba. Hebu niambie nani hapa Mkondola zaidi."

Nilikaa. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Halafu nikafanya jambo moja la maana siku ile: nilikwenda nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamshika miguu, nikamwambia baba, nisamehe. Aliniwekea kiganja kichwani, kizito, akakiacha hapo kwa muda.

Shangazi akamgeukia. "Na wewe, kaka, jina hilo halirudishwi. Aliyempa baba yako amekufa, utamrudishia nani? Niambie tu kitu kimoja. Wale wawili walichanjiana damu?"

"Hapana, dada. Walilala mkeka mmoja tu."

"Basi tumbo si moja, damu si moja, na watoto wanaoana. Undugu wa jina unabaki palepale."

Mama Mwajuma kule mlangoni akauliza kama kwetu hakuna desturi ya kuchinja mbuzi kukata undugu kabla ya ndoa ya namna ile, kwamba amesikia makabila mengine wanafanya. Shangazi akasema mbuzi atachinjwa, tena Oti ndiye atakayemnunua, lakini ni wa kula. Kukata undugu wa watu yeye hajui na hataki kujifunza uzeeni. Na kwa kuwa mimi ni fundi, akaniamuru nitengeneze kiti cha mninga chenye mikono, kiwekwe sebuleni kwake Buguruni, na asikikalie mtu mwingine isipokuwa huyo kaka yake wa Tandika. Nilikipiga msasa mpaka ungeweza kujiona uso. Kambale alirudishwa uani, akaliwa na mama Mwajuma na wanawe, na tulisikia kicheko chao mpaka jioni.

Veneranda alikaa wiki tatu haongei na mimi. Nilistahili. Kwenye kwaya nilipopotea sauti akaniacha nipotee.

Harusi ilifungwa Chang'ombe, sherehe ikafanyika Temeke kwenye ukumbi mdogo wenye feni moja. Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu ambaye hakuna aliyekumbuka kumweleza kisa chetu. Akashika kipaza sauti akasema, "Ukoo wa bwana harusi, ukoo wa Mkondola, naomba msimame tuwaone." Ukumbi mzima ukasimama, kulia na kushoto. Akacheka, akasema hapana, upande wa bibi harusi wakae kwanza, na akatazama karatasi yake aone huyo bibi harusi ni wa ukoo gani. Akasoma. Akasoma tena. Watu bado wamesimama, hakuna aliyekaa, na baba mkwe wangu kule mbele ndiye aliyesimama wima kuliko wote, anacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai. Mshereheshaji akaikunja karatasi. "Basi," akasema, "salimianeni."

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu juzi nilivaa miwani nikasoma ulichoandika kwenye lile kundi letu la simu. Umeandika kwamba kundi limekuwa kubwa, kwamba kila mtu aeleze babu yake ametoka kijiji gani, na wasio Wakondola wa damu waondolewe ili tubaki wenyewe. Umeandika vizuri, sikatai, na nakupenda kwa kulijali jina. Lakini nilimsomea bibi yako Veneranda ujumbe wako. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabati, akatoa begi, akaniuliza, "Sasa mie nianze kufungasha, au nimsubiri mjukuu aje anisaidie?" Na ukishamtoa yeye, toa na nusu ya baba yako, kisha jipime mwenyewe, uone unabaki kiasi gani kwenye hilo kundi.

Basi shika hili nikuachie. Ukimsikia mtu ana jina lako, usimwulize kwanza alilipataje. Mwulize amekula. Jina la ukoo limeletwa mpaka hapa na watu waliozaa na watu waliobeba wagonjwa mgongoni, na hao wa pili usiwatoe mlangoni kwa sababu huwakuti kwenye mti wa ukoo. Ukiwa na haja nalo ukawaita watu ndugu, waite ndugu hata siku haja yako inapokwisha. Na siku mdomo wako utakapokutangulia, kama ulivyonitangulia mimi, usione haya kupiga magoti.

Mungu akupe nyumba yenye viti vya kutosha, mwanangu. Akupe watu wa kuvikalia, wa tumbo lako na wa mkeka wako, na ukiita jina lako mahali popote pa dunia hii, asikose mtu wa kusimama.