Nyanya wa Kwenye Moshi

Niseme mapema kwamba sipendi kuulizwa maswali juu ya vitabu vyangu. Nikishaandika nimeshasema, na anayetaka zaidi asome tena. Lakini mchapishaji wangu alikuwa ameng'ang'ana: mwandishi wa vijana, tena mama mwalimu, lazima aonane na vijana. Basi mwaka ule, shule zikikaribia kufunga mwezi wa nane, nikakubali mikutano miwili, mmoja kwetu Kitale na mwingine Bungoma. Haki ya Mungu, kama ningejua yatakayonikuta kwenye huo wa pili, ningejifanya mgonjwa.

Vitabu vilikuwa vitatu wakati huo, na cha nne kilikuwa njiani. Ni hadithi ya msichana wa miaka kumi na minne ambaye ni jasusi. Ndani ya mlima kuna utawala wa watu wakatili, na yeye amejaliwa kipaji kimoja: akikanyaga kivuli cha mtu, anasikia yote anayosikia mtu huyo. Anayemtuma ni nyanya yake, ambaye msichana ameitwa jina lake. Nyanya yuko mbali, lakini popote msichana anapowasha moto, sauti ya nyanya inakuja na moshi na kumwelekeza. Mwisho wa kitabu cha tatu adui wamemzingira, hajui pa kwenda, na moshi unamwambia, "Rudi nyumbani. Njia iko wazi." Kitabu kinakatikia hapo. Nilijipongeza sana kwa mwisho huo.

Siri, na mchapishaji alikuwa amenifunga mdomo kwa mkataba nisiitoe, ni kwamba njia haikuwa wazi hata kidogo. Adui walikuwa wamemkamata nyanya, wakamwekea panga shingoni na kumlazimisha kusema vile. Kitabu cha nne kilianza na msichana akiingia mtegoni.

Mkutano wa Kitale ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Waliokuja wengi walikuwa watoto wa familia kama yetu, ambao wazee wao walitoka huko mkoa wa kati wakaja kulima Trans-Nzoia. Kasichana kamoja kutoka Saboti, hata darasa la nane hakajafika, kakasimama na kusema juu ya nyanya, ambaye kwetu ni shosho, "Mimi naona shosho ameshikwa. Kila siku anamwita 'mama' kwa sababu wako na jina moja. Siku hiyo hajamwita." Nilitaka kumkumbatia na kumfinya kwa wakati mmoja. Nikasema tungojee kitabu, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba kwa majivuno.

Jumatano nikaenda Kanduyi, hapo Bungoma, kwenye shule ya wasichana. Mwalimu wa klabu ya kusoma, mama mpole mwenye sauti ya chini, aliniweka mbele ya darasa lenye mlango mmoja tu, nao ulikuwa nyuma kabisa. Kati yangu na mlango kulikuwa na wasichana zaidi ya mia, watatu watatu kwenye dawati, na wengine sakafuni. Mvua ilianza kupiga mabati, madirisha yakafungwa. Nilianza kuona joto hata kabla ya swali la kwanza.

Walikuwa wamesoma, siwezi kuwanyima hilo. Waliuliza kivuli cha mti kikikanyagwa inakuwaje, na kwa nini jasusi hana marafiki. Nikajibu nikifurahi. Halafu mmoja akauliza, kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hukutuambia nyanya alikufa na nini."

"Nyanya yupi?"

"Huyu wa kwenye moshi."

"Ni nani amewaambia amekufa?"

Wakacheka darasa zima, kile kicheko cha watoto wakimwona mtu mzima anajaribu kuwafanyia mzaha. "Si msichana ameitwa yeye," yule akasema, kana kwamba ananikumbusha jambo ambalo mimi mwenyewe nimeliandika.

Mwalimu wao akaniona nimeduwaa, akanielezea taratibu. Kwa watu wengi wa pande zile, mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha kwenda. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee wanamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya lingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Aliye hai jina lake bado analitumia mwenyewe. Sisi kwetu msichana wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba, tena nyanya akiwa hai ndiyo raha, anakuja na ciondo, vikapu vya zawadi, kumwona mwenzake. Miaka yote hiyo nimeishi mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwa watu hawa, nimenunua mahindi yao na wao wamenunua maziwa yetu, na sikuwahi kuuliza.

Nikapitia vitabu vyangu kichwani pale pale niliposimama. Vitabu vitatu, na hakuna mahali popote nilipomwandika yule mama akila, akitembea, akikohoa. Ulikuwa uvivu tu, nilikuwa nimemwandika sauti na basi. Kwa wasomaji wa Kitale alikuwa shosho aliye mbali. Kwa hawa alikuwa marehemu anayesema na mwenye jina lake, na jambo hilo lilikuwa wazi mno kiasi kwamba hawakuona haja ya kuliuliza. Nikasema kile wanachosema waoga wote wa kazi hii, "Kitabu cha nne kitawajibu," na wakanipigia makofi.

Tukaenda kunywa chai kwenye chumba cha walimu. Kabla sijaketi vizuri, mwalimu akamleta msichana wa kidato cha pili, mwembamba, mikono ya sweta imemfika kwenye vidole. Akasema anataka kunionyesha kitu. Kilikuwa daftari la mazoezi. Alikuwa amenakili kila neno ambalo nyanya amewahi kusema katika vitabu vyote vitatu, kwa mwandiko safi, bila kuandika maneno ya mtu mwingine yeyote. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja peke yake. Rudi nyumbani. Njia iko wazi.

"Na mimi nimeitwa kukhu yangu," akaniambia. Kukhu ndiyo nyanya. "Sikumuona. Lakini ni vile angeongea." Kisha, kwa utulivu ulioniogopesha: "Shule inafunga Ijumaa. Naenda nyumbani."

Nikauliza nyumbani ni wapi. Akasema ni juu mlimani, ukipita Cheptais.

Miaka ile kila mtu wa pande zetu alijua maana ya kusema unaenda juu ya Cheptais. Ugomvi wa mashamba mlimani ulikuwa umeshika bunduki, watu walikuwa wanateremka na magodoro vichwani, na waliobaki walilala msituni. Mwalimu alinivuta pembeni akanieleza yaliyobaki. Mama wa msichana alikuwa amekimbilia kwa ndugu, msichana akaachwa Kanduyi kwa shangazi. Nyumba yao ilikuwa tupu. Jirani yao alirudi kuvuna mahindi, na hakuonekana tena. "Shangazi amemkataza, mimi nimemkataza, mama yake amelia kwa simu," mwalimu akasema. "Juma lililopita tulimtoa steji ya magari ameshabeba mfuko. Anatuangalia tu. Anasema kukhu ameshasema."

Nilikasirika, na sitaficha kwamba sehemu ya hasira ile ilikuwa ya mtu aliyeguswa kitabu chake. Nikamkalisha chini. Nikasema mkataba na ukatike, nikamtolea siri yote. "Sikiza, mwanangu. Huyo nyanya yuko hai. Ameshikwa na adui. Hayo maneno amelazimishwa. Anamdanganya msichana, na msichana akirudi atanaswa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mtu amekufa hawezi shikwa," akasema.

"Hajafa. Mimi ndiye niliyemwandika."

"Uliandika tu, mwalimu. Wewe si wa huku. Hukujua hata kwamba amekufa."

Nikalivuta daftari lake. Nimefundisha miaka kumi na saba, nimebishana na wakaguzi, wazazi walevi na askofu mmoja, na wote niliwaweza. Kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa kimetoka mikononi, na kilikuwa kinampeleka mtoto wa watu kwenye bunduki kwa sauti niliyoipa mimi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hapa aliyekuwa ukingoni hakuwa mimi. Mvua ilikuwa imeanza kupungua, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Mkobani nilikuwa na kurasa za kitabu cha nne, zile za kusahihisha mara ya mwisho kabla ya kiwanda cha uchapaji. Nikazitoa. Akaona karatasi zilizopigwa chapa, jina la msichana jasusi juu ya kila ukurasa, na uso wake ukabadilika. "Hiki ni kitabu cha nne," nikamwambia. "Hakuna mtu amekiona. Nitakusomea mahali nyanya anaongea." Nikafungua popote, nadhani ilikuwa ni sura ya farasi, nikaushika ukurasa juu ili asiuone, nikasoma maneno ambayo hayakuwepo. Nikashusha sauti kama ninavyomsikia yule mama kichwani. "Mama, usirudi bado. Njia imefungwa. Kaa ulipo mpaka nikwambie."

Alisema nirudie. Nikarudia. Akachukua kalamu ya mwalimu mezani, akayaandika kwenye daftari, akarudi mpaka mwanzo wa mstari kuhakikisha hakuruka neno. Halafu mabega yake yakashuka, na ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anaogopa siku zote zile. Hakuwa anataka kwenda. Alikuwa anaenda kwa sababu ameambiwa.

Ijumaa shule ikafungwa, naye akaenda kwa shangazi. Mwalimu alinipigia simu kunijulisha na nikalia jikoni peke yangu, kwa shukrani.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilipita kwa mchapishaji. Yale maneno ilibidi yawe kitabuni kweli, la sivyo kikitoka yule msichana ataona nimemdanganya na atapanda gari siku hiyo hiyo. Na sura ya nyanya akiwa ametekwa ilibidi iondoke, maana mtu aliyekufa hatekwi. Nikampigia mhariri. Aliniambia mambo ambayo mtu hamwambii mwanamke wa umri wangu, kisha akanipa siku nne, mradi sura mpya isizidi ile ya zamani hata mstari mmoja. Nikaandika. Nikamfanya nyanya marehemu tangu mwanzo, nikatoa panga, nikatoa mtego, nikaweka yale maneno ya Kanduyi neno kwa neno. Msichana jasusi badala ya kuingia mtegoni akabaki pangoni kurasa mia moja na themanini, akingoja moshi. Kilikuwa kitabu kibaya, najua, mimi ndiye niliyekiandika.

Kitale hawakunisamehe. Yule wa Saboti alikuja mpaka langoni kwangu na kitabu chake. "Shosho alikufa lini? Ulitudanganya. Ile ya kushikwa ndio ilikuwa ya ukweli, mimi nilijua." Alikuwa sahihi, na sikuweza kumwambia hivyo. Kitabu kilidoda madukani, na mchapishaji akaniandikia kwa lugha tamu kwamba mfululizo umefikia kikomo. Kusema kweli niliona nimeponea. Niliona nimeuza hadithi nikanunua mtoto, na bei ilikuwa nzuri.

Miaka miwili hivi ikapita. Mlimani kukatulia, watu wakaanza kurudi kulima. Siku moja ikaja simu ya namba nisiyoijua, mama anaongea polepole na kwa adabu sana. Alisema yeye ni mama wa msichana wa daftari. Amerudi nyumbani juu ya Cheptais, amejenga upya, amepanda. Amemwita binti yake mara tatu. Amemtuma mjomba amchukue. Binti anasema hawezi, kukhu hajamruhusu.

"Amemaliza shule, anakaa tu kwa shangazi," akasema. "Mwalimu, tafadhali. Mwambie huyo nyanya yako amwachilie mtoto wangu."

Nikamwomba anwani ya shangazi. Niliketi siku hiyo hiyo nikaandika barua, na sikubakisha kitu. Nikamwambia kwamba siku ile ukurasa haukuwa na maneno yale, kwamba niliyatunga pale pale kwa sababu nilimwogopea, kwamba mimi si mtu wa kumpa ruhusa wala kumnyima, na mama yake anamngoja. Mwishoni, kwa sababu nilijua ukweli mtupu hautamtosha, nikaandika kwa herufi kubwa, Sasa rudi, mama. Njia iko wazi.

Jibu lilikuja baada ya majuma mawili, kwa ule mwandiko safi. Alinishukuru kwa kumkumbuka. Alisema hata siku ile ya Kanduyi nilianza kwa kukataa, nikasema nyanya yuko hai, halafu nikasoma mwenyewe kwa sauti yake, kwa hivyo haoni ajabu nikikataa tena. Barua yangu ameisoma mara nyingi. Hiyo ni sauti yangu mimi mwandishi, akasema, ile ya kukhu anaijua. Kisha akaniuliza kitabu cha tano kinatoka lini.