Wastani wa Watoto Kumi na Wanne

Kwa miaka ishirini na mmoja Pekee alikuwa karani wa idara ya sosholojia, akichapa tasnifu za watu. Aliweza kuandika "mchepuko sanifu" kwa vidole kumi huku akimjibu mtu dirishani, bila kujua huo mchepuko ni mnyama gani. Macho yalipita, vidole vikafanya kazi, akili ilishakwenda zake. Jina la Pekee alipewa na mama yake, kwa kuwa alikuwa mtoto wake mmoja tu, na idara nzima ikalidaka.

Alipofika miaka arobaini na minne akajitosa darasani mwenyewe, kusomea shahada ile ile aliyokuwa akiwachapia wengine. Sosholojia ilimkubali. Takwimu zilimkataa, tena mara mbili. Sasa alikuwa kwenye jaribio la tatu, la mwisho kwa kanuni za chuo. Akianguka hapa, miaka yote mitatu ya kusoma imekwenda na maji.

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Darasa liliwahoji wanawake sitini wa mitaa ya karibu, kwa hojaji zisizo na majina, na ilikuwa marufuku mtu kumhoji ndugu yake. Kisha kila mwanafunzi akapewa nakala za zote sitini aziingize kwenye kompyuta na kuandika ripoti yake. Wenzake walihangaika siku nne. Pekee alizimaliza asubuhi moja, kabla ya chai, akajiona bingwa.

Mwalimu wa takwimu, kijana mpole ambaye tasnifu yake ilichapwa na Pekee huyo huyo, akamwita ofisini.

"Dada, hebu nisomee hapa."

"Wastani wa watoto kwa kila mwanamke ni kumi na wanne nukta mbili."

"Na hukushtuka?"

Hapo ndipo aliposhtuka. Macho yalimtoka.

"Asiyejibu swali tulikubaliana aandikiwe nini?"

"Tisini na tisa," akasema, akajiziba mdomo.

"Basi una akina mama saba wenye watoto tisini na tisa kila mmoja. Mimi mtaa huo ningeuhama." Akamrudishia ripoti. "Nakupa wiki. Itafute karatasi ya kila mmoja wao. Aliyemhoji arudi akaulize tena. Ambayo hukuifuatilia, nakata alama mbili. Na dada yangu, safari hii zisome."

Akarudi mezani kwake akiwa na hasira, hasa na vidole vyake. Sita za kwanza zilikuwa uzembe mtupu: mhojaji aliruka swali, au mvua ilimkimbiza. Akafungua ya saba.

Umri, sitini na saba. Kazi, kushona sare za shule nyumbani. Anaishi peke yake, nyumba ya pili nyuma ya tangi la maji. Pekee aliijua nyumba hiyo. Funguo zake zilikuwa kwenye mkoba wake. Alikuwa amemchapa mama yake mzazi, kutoka umri hadi kazi, asimwone.

Aibu hiyo haijatulia, akafika kwenye swali la watoto. Mbele ya 99 mhojaji alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Aliniuliza, waliozaliwa au walio hai? Kisha akanyamaza. Sikumsumbua."

Mtu alikuja dirishani kuomba fomu, Pekee akamtazama tu kama hamjui. Aliyezaa mmoja tu, naye yuko hai, hana haja ya kuuliza swali hilo.

Alasiri ya kesho yake akaenda, bila karatasi wala kalamu. Mama alikuwa kwenye cherehani, akishona kola.

"Mama, yule binti wa hojaji alikuuliza umezaa wangapi."

Mguu ukasimama juu ya pedali. "Wamekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

Mama akakata uzi kwa meno, taratibu. "Mlizaliwa wawili. Wewe na mwenzio, mmoja nyuma ya mwingine. Yeye alikaa siku nne."

Pekee alitafuta kiti, akakaa juu ya sare zilizopigwa pasi, na mama hakumkemea. Miaka arobaini na saba! Alikuwa na pacha, na habari hiyo ilimfikia kwa kalamu ya risasi ya mtoto wa watu.

"Sasa mbona ukaniita Pekee, mama?"

"Kila nilipokuita, nilikuwa naita majina mawili. Jirani wakaanza kunitazama. Nikatafuta jina ambalo haliwezi kuwa na la pili." Akaivuta kola kutoka chini ya sindano, ilikuwa imekwenda kombo. "Nimekwambia wewe, mwanangu. Sikuwaambia hao."

Siku ya kurudisha ripoti, mwalimu alipitisha kidole kwenye safu ya watoto. Sita zilikuwa na majibu. Wastani ulikuwa watatu, wa kibinadamu kabisa.

"Hii ya saba, dada? Hukuifuatilia?"

Ya kupita ilikuwa alama arobaini, na Pekee alijua alivyo ukingoni. Alikuwa na jibu kamili mdomoni, la tarakimu moja, na aliyelitoa alikuwa hai na timamu.

"Mhojiwa hakujibu," akasema.

Mwalimu akakata mbili. Zikabaki arobaini na moja.